Samaki wa Msimu Mmoja

Mwaka 1968 mdogo wangu alichapwa fimbo nne kwa sababu ya samaki. Aliyesababisha achapwe ni mimi. Imenichukua zaidi ya miaka hamsini kufahamu kwamba hakuwa na kosa lolote, na nimelifahamu hilo kwa njia ndefu iliyopitia London, Berlin na Marekani kabla ya kurudi Itigi ilikoanzia. Msomaji akinivumilia, nitamsimulia njia hiyo yote, maana katika kuifuata nimejifunza habari za nchi yetu ambazo sikuwahi kufundishwa shuleni.

Tulikuwa tunaishi Itigi, katika nyumba za reli. Itigi ni mji mdogo wa stesheni, magharibi ya Manyoni, katika upande wa kusini wa mkoa wa Singida. Umezungukwa na vichaka vizito vya miti mifupi iliyosongamana, ambavyo wataalamu wa mimea duniani huvitaja kwa jina la mji wetu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, nayo huisha Aprili. Baada ya hapo, miezi saba au zaidi, ni vumbi tu. Baba alikuwa fundi katika reli ya Afrika Mashariki. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na mikono isiyoweza kutulia.

Kabla ya uhuru, baba aliwahi kutumwa Tabora kurekebisha mlango katika nyumba ya Mzungu mmoja mkubwa wa reli. Sebuleni mwa nyumba ile aliona sanduku la vioo lililojaa maji, majani na samaki wadogo wa rangi rangi. Alisimama akilitazama hata akaulizwa kama amekuja kutengeneza mlango au kutazama samaki. Swali lile lilimwudhi, lakini lile sanduku halikumtoka moyoni. Basi mwaka ule wa 1968, mvua zilipokolea, alipata vioo vya dirisha vilivyotupwa, akavikata kwa kikatio alichoazima, akaunganisha fremu ya vyuma vya pembe, kisha akaviziba vioo kwa puti. Tangi lilivuja siku tatu. Siku ya nne likaacha. Lilichukua ndoo mbili na nusu za maji, likawekwa barazani juu ya meza ya mbao, na majirani wakaja kulitazama kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga.

Kazi ya kutafuta samaki ilikuwa yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Kando ya tuta la reli kulikuwa na mashimo yaliyobaki pale kifusi kilipochimbwa, na kila masika yalijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake, kuanzia Januari, kulikuwa na samaki. Nilitumia kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye kijiti kilichopindwa duara. Majike walikuwa na rangi ya udongo, hawana la kusifiwa. Lakini madume! Walikuwa na urefu wa kidole cha mtoto tu, mwili wa buluu iliyowaka, na kila gamba limezungushiwa wekundu. Nilileta kumi na wanne. Kwa ushauri wa baba nilitandika chini ya tangi tope jeusi kutoka shimo lile lile, ili wasione ugeni.

Niliwalisha mabuu ya mbu, mchwa waliopondwa na chembe za nyama. Walikua upesi kwa namna ya ajabu. Madume walifukuzana mchana kutwa, na mara kwa mara dume na jike walishuka pamoja chinichini, wakajibana ubavu kwa ubavu kwenye tope, wakatetemeka kidogo, kisha wakaachana. Nilidhani ni mchezo.

Mwezi wa Mei walianza kubadilika. Rangi ilififia. Wengine walikonda, migongo ikapinda, wakawa wanaegemea pembe za tangi kama wazee wanaosubiri zamu zahanati. Walikufa mmoja mmoja, na kufikia katikati ya Juni hakubaki hata mmoja. Baba aliinama juu ya tangi, akanusa maji, akauliza nani ametia kitu humo.

Hapo ndipo nilipomtaja mdogo wangu. Alikuwa na miaka minane, na kazi yake ilikuwa kuosha vyombo pale pale barazani. Niliwahi kumwona akitikisa mkono wenye povu la sabuni karibu na tangi. Nililisema hilo kama jambo nililolishuhudia, na sauti yangu ikaongeza yale ambayo macho hayakuyaona. Yeye alikana. Alikana kabla ya fimbo, akakana baada ya fimbo. Kukana kwake kukahesabiwa kuwa ni ukaidi.

Siku iliyofuata niliambiwa nisafishe tangi. Nilimwaga maji, nikakwangua lile tope la chini kwa mwiko mbovu, nikalitupa nyuma ya nyumba kwenye shina la mpapai. Tangi likageuzwa kuwa la kuwekea misumari. Halikutiwa samaki tena.

Sasa niingie katika historia yenyewe.

Kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo la jana. Wachina walikuwa na samaki wa dhahabu katika vidimbwi na vyombo vya udongo karne nyingi kabla Ulaya haijawajua. Lakini tangi la vioo, lenye maji yasiyobadilishwa kila siku, lilienea katika karne ya 19. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alitoa taarifa ya majaribio yake: aliweka samaki, mmea wa majini na konokono katika chombo kimoja. Mmea uliwapa samaki hewa, samaki wakaupa mmea chakula, na konokono wakala majani yaliyooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki kwa watu wote, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowatia Waingereza wengi wazimu wa kuwa na tangi sebuleni. Miaka michache baadaye, mwaka 1869, samaki wa nchi za joto kutoka Asia walifika Paris, na Pierre Carbonnier akafaulu kuwazalisha. Umeme ulikuwa bado, na wafugaji walizoea kupasha matangi joto kwa taa za gesi au za mafuta zilizowekwa chini yake.

Nikisoma habari hizi namwona baba. Tangi lake la vyuma vya pembe na puti lilikuwa la namna ile ile iliyotumika Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Ni katika miaka ile ile ya 1960 ambapo gundi ya silikoni ilianza kuiondoa fremu ya chuma. Fundi wa Itigi hakuwa nyuma ya dunia kwa umbali mkubwa kama alivyodhani.

Lakini msomaji aangalie jambo moja katika fikra ya Warington. Tangi jema, kwa fikra hiyo, ni tangi lisilobadilika. Maji yawe yale yale, kiasi kile kile, joto lile lile. Maji yakipungua, huongezwa. Kukauka ndiyo aibu kuu ya mfugaji. Fikra hiyo ilifaa kwa samaki wa mito na maziwa. Kwa samaki wa Itigi haikufaa hata kidogo, na hatukuwa na mtu wa kutuambia.

Samaki hao nao wana historia yao katika vitabu. Mwaka 1844 mtaalamu wa Berlin, Wilhelm Peters, alieleza samaki mmoja mdogo kutoka Quelimane, katika pwani ya Msumbiji. Mwaka 1868, miaka mia kamili kabla ya tangi la baba, Peters huyo huyo aliunda jina la jamii yao: Nothobranchius. Baadaye ikaja mizigo ya ukoloni, na katika mizigo hiyo kulikuwa na chupa za pombe kali zenye samaki ndani. Franz Stuhlmann alikusanya samaki Unguja na bara mwaka 1888 na 1889, na Georg Pfeffer wa Hamburg akawaeleza mwaka 1893, miongoni mwao akiwa yule wa Unguja aitwaye Nothobranchius guentheri, ambaye leo anafahamika sana kwa wafugaji. Oscar Neumann alisafiri katika nchi za Afrika Mashariki kati ya mwaka 1893 na 1895. Chupa zake zilifika Berlin mezani kwa Franz Hilgendorf. Hilgendorf alifariki mwaka 1904, na maandishi yake juu ya samaki wa Neumann yakatoka mwaka 1905, mwenyewe akiwa kaburini. Ndani yake mna samaki wa jamii hii kutoka mto Bubu, ule unaoteremka kupitia Kondoa na kupotelea katika mbuga ya Bahi, jirani kabisa na Manyoni. Alipewa jina la msafiri: neumanni. Katika maandishi hayo hayo mna perege wa maji ya magadi kutoka ziwa Manyara, ambaye ndugu zake huvuliwa hata katika ziwa Kitangiri, huko Iramba.

Nayasema haya bila kulalamika, ingawa yako ya kulalamikiwa. Watu waliomwonyesha Neumann madimbwi hayo hawakuandikwa majina. Ni dhahiri kwamba mgeni hawezi kujua peke yake dimbwi lipi lina samaki.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1910 ilikuwa imefika Dodoma, mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Maana yake ni kwamba tuta la Manyoni na Itigi lilijengwa katika miaka ile miwili ya katikati, kwa majembe na mikono ya watu wetu. Udongo wa kuinulia tuta ulichimbwa kando, na mashimo yakabaki. Mvua ikayajaza. Baada ya muda, samaki wa madimbwi ya asili wakaingia humo wakati wa mafuriko. Hivyo shimo nililovulia utotoni lilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne tu, nalo lilichimbwa na kizazi cha babu zetu. Hadi leo wanaotafuta samaki hawa huanza kwa kuangalia mashimo ya kando ya barabara na reli.

Lakini wanatoka wapi? Hili ndilo swali lililotusumbua sisi watoto. Mwezi Oktoba unapita shimoni ukiwa umevaa ndala, unasikia udongo ukivunjika kama vigae. Mwezi Januari pale pale pana samaki. Bibi alisema hushuka na mvua, kwani nani amewahi kuona mama yao? Mwalimu wetu alisema huja na mto. Lakini karibu nasi hapakuwa na mto. Kati ya majibu hayo mawili, mimi nililipenda la bibi, na bado naamini lilikuwa jibu la mtu aliyetazama kwa makini zaidi.

Jibu lenyewe ni hili. Samaki hawa hutaga mayai yao ndani ya tope, moja moja, kila siku, tangu wanapokomaa hadi wanapokufa. Ule mtetemeko wa dume na jike chini ya tangi haukuwa mchezo. Ulikuwa ni kupanda mbegu. Yai lina ukubwa wa kama milimita moja, na ganda lake ni gumu. Dimbwi linapokauka, wazazi wote hufa bila kubaki hata mmoja. Yai hubaki ndani ya udongo mkavu, na kiinitete kilichomo husimama, kama saa iliyozuiliwa mshale. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, John Wourms, alieleza kwamba kiinitete kinaweza kusimama hivyo katika hatua tatu tofauti za kukua kwake. Katika hatua ya mwisho samaki amekwisha kuwa kamili, macho yameonekana, amejikunja ndani ya ganda, anasubiri maji tu. Mvua ikinyesha, huangua kwa muda wa saa chache.

Wala hawaangui wote. Baadhi ya mayai hukataa mvua ya kwanza, yakangoja nyingine, hata msimu mwingine. Mkulima yeyote wa uwele katika Singida atalielewa hili bila kufundishwa. Mvua ya kwanza ni ya kudanganya. Mwenye busara hapandi mbegu zote siku hiyo, maana jua likirudi wiki mbili mfululizo, atakuwa hana cha kupanda tena.

Basi baada ya kuangua huwa ni mbio. Mmoja wa jamii hii, aitwaye furzeri, aliyepatikana Zimbabwe mwaka 1968, amethibitishwa kukomaa na kuweza kuzaa baada ya wiki mbili tu katika madimbwi ya Msumbiji. Ni kwa sababu ya maisha yake mafupi kwamba maabara za nchi nyingi sasa humtumia kuchunguza uzee. Ndani ya miezi michache samaki huyu huzaliwa, hubalehe, huzeeka na kufa. Rangi hufifia, mwili hukonda, mgongo hupinda. Nami nilipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza, nililiweka karatasi chini.

Maana hivyo ndivyo walivyokufa samaki wetu. Hatukuwaacha wakauke. Maji tuliongeza kila jioni, tukijisifu. Lakini saa yao ilikuwa imefika, na maji hayarefushi saa hiyo kwa kiasi kikubwa. Samaki niliowavua Januari walikuwa wazee mwezi wa Mei. Hapakuwa na sabuni. Hapakuwa na mtu aliyetia kitu.

Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba haya yalikwisha kujulikana. Mwaka 1952, miaka kumi na sita kabla ya fimbo zile, George Myers, mtaalamu wa samaki wa Marekani, aliandika makala juu ya samaki hawa wa mwaka mmoja. Tena hakuyatoa katika jarida la maprofesa. Aliyatoa katika jarida la watu wa kawaida wanaofuga samaki majumbani mwao. Kuanzia miaka ya 1960 wafugaji wa namna hiyo walianzisha vyama Marekani, Uingereza na Ujerumani. Walikuwa ni makarani, mafundi na walimu, na katika mikutano yao walibadilishana mayai.

Namna yao ya kufuga ni kinyume cha ile ya Warington. Mfugaji hutandika chini ya tangi mboji laini badala ya tope. Samaki hutaga humo. Baada ya wiki moja au mbili huiondoa mboji, huikamua maji mpaka ibaki na unyevu kama wa tumbaku, huitia katika mfuko wa plastiki, huandika tarehe, kisha huiweka kabatini. Hapo hungoja wiki kadhaa, au miezi mitano, au zaidi, kulingana na aina ya samaki. Siku ikitimia huimwagia maji ya baridi, na kesho yake vitoto huwa vinaogelea. Mfuko huo huweza kutiwa katika bahasha na kupelekwa kwa posta. Kwa hiyo kiangazi cha Manyoni kimekuwa kikisafiri ndani ya bahasha kutoka Ujerumani hadi Marekani.

Wana na desturi nyingine ninayoiheshimu. Hawachanganyi samaki wa dimbwi moja na wa dimbwi jingine, hata kama wanafanana. Kila kizazi huandikiwa herufi za nchi, mwaka waliovuliwa na namba ya mahali. Kuna watu wasiowahi kufika Afrika wanaotunza kwa uaminifu, kizazi baada ya kizazi, samaki wa shimo moja la kando ya barabara katika nchi yetu.

Mwaka 2020 samaki wa kwetu naye alipata jina lake mwenyewe. Katika uchunguzi wa samaki wa uwanda wa bara la Afrika Mashariki, wataalamu walieleza aina kadhaa mpya. Mmoja, kutoka Serengeti, alipewa jina la David Attenborough, mtangazaji mashuhuri wa habari za wanyama. Mwingine aliitwa Nothobranchius itigiensis, yaani wa Itigi. Mjukuu wangu, anayesoma sayansi chuoni, ndiye aliyeniletea habari hiyo katika simu yake, akidhani itanichekesha. Ilikuwa ni mara ya kwanza kuona jina la mji wetu limeandikwa kwa Kilatini.

Kuna neno jingine letu lililoingia katika sayansi hiyo. Madimbwi haya hayakai popote. Yanataka udongo mweusi wa mfinyanzi uliopo mabondeni, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mwaka 1935 na 1936 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Usambara, alisafiri katika sehemu nyingi za Tanganyika akitazama jinsi udongo unavyobadilika kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Kutoka juu ni mwekundu, katikati ni wa kijivu, chini ni mweusi. Wataalamu wameuita huo mweusi kwa neno letu la mbuga. Mkulima wa Singida alilijua jambo hilo tangu zamani, kwani alipanda uwele juu na mpunga chini. Bila udongo huo hakuna samaki, kwa sababu mchanga haushiki maji, wala hauwezi kulihifadhi yai kiangazi kizima.

Je, samaki hawa watadumu? Dimbwi ni kitu kidogo. Tingatinga la kutengeneza barabara laweza kulifukia kwa asubuhi moja, ingawa laweza pia kuchimba jingine bila kujua. Wafyatua matofali huchukua udongo ule ule wenye mayai. Dawa za mashambani huteremka bondeni na maji ya mvua. Wala hakuna anayelilia dimbwi, kwa sababu kwa miezi saba ya mwaka halionekani kuwa ni kitu. Ukimwambia mtu kwamba pale penye nyufa na kinyesi cha ng'ombe pana samaki elfu moja wanaongoja, atakutazama kwa huruma. Nami nisingemlaumu, maana nilifanya vile vile. Tope lile nililolitupa kwenye shina la mpapai ndilo lilikuwa tangi letu la mwaka uliofuata. Samaki walikuwemo wote. Ilitosha tu kulikausha, kulitunza na kulimwagia maji mwezi wa Desemba.

Mwezi wa Desemba mwaka 2021 nilifunga safari hadi Manyoni kwa mdogo wangu. Sasa ni bibi wa wajukuu saba, ana duka dogo la vitunguu na mafuta ya alizeti. Nilimkuta anapima mafuta. Nikasubiri wateja waondoke, nikakaa juu ya gunia, nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa: Peters na chupa zake, yai ndani ya tope, uzee wa miezi mitano. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye sabuni, nikamwomba radhi.

"Kaka," akasema, "mimi nilijua siku ile ile kwamba sikufanya. Wewe ndiye uliyekuwa hujui."

Kisha akanyamaza, akafuta kipimo cha mafuta kwa kitambaa. Baba yetu alifariki mwaka 1991.

"Kwa hiyo baba amekufa akidhani ni mimi?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia, wala hakunikasirikia kwa namna niliyoweza kuiona. Alimwita mtoto alete chai. Tulikunywa, tukazungumza habari za mvua, kwamba zimechelewa, na za bei ya vitunguu. Nilipokuwa nainuka akaniuliza kama ni kweli naandika kitabu. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi na hili nilitie humo, ili lisomwe na wale waliosikia maneno yangu ya zamani. Na nihakikishe nimeandika kwamba fimbo zilikuwa nne, si mbili kama nilivyozoea kusimulia.